Panga za Kale za Njia ya Misafara: Sayansi ya Kuzitambua na Sheria ya Kuzihifadhi

Huko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, lipo tembe ambalo leo ni makumbusho. Mahali hapo ndipo David Livingstone alipokaa mwaka 1872 akingojea wapagazi, baada ya kuagana na Henry Morton Stanley. Miaka kumi na mitano kabla ya hapo, yaani mwaka 1857, Burton na Speke walifika Unyanyembe wakaukuta mji wa Kaze, kituo kikuu cha wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili, katika njia ya kilomita zipatazo 1,200 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Kwa njia hiyo zilipita pembe za ndovu, nguo, ushanga, nyaya za shaba na bunduki. Na walipita watu waliofungwa minyororo. Viunoni mwa waliosimamia misafara hiyo zilining'inia panga.

Baadhi ya panga hizo zingalimo majumbani. Nyingine zilichukuliwa na watawala wa kikoloni, kwani maelfu ya vitu vya nchi yetu, silaha zikiwamo, yamo katika makumbusho ya Berlin hata leo. Na nyingine hutafutwa na wanunuzi wa vitu vya kale, ambao hulipa bei kwa kadiri ya umri wa kitu. Katika makala haya tutajaribu kujibu maswali mawili: sayansi huutambuaje upanga wa kale, na je, upanga huo waweza kupelekwa nchi za nje kama bidhaa nyingine?

Waongo wawili

Mwanafunzi wa sayansi hufundishwa kujiuliza kila mara: huyu anayenipa habari hii, anafaidika nini? Katika biashara ya vitu vya kale wako waongo wa namna mbili, na waongo hao husema maneno yanayopingana. Auzaye hutaka kifaa kiwe cha kale, maana ukale ndio bei. Asafirishaye hutaka kifaa hicho hicho kiwe kipya, maana kilicho kipya hakihitaji kibali. Upanga mmoja waweza kuwa na umri wa miaka mia mbili sebuleni na miaka ishirini bandarini. Chuma chenyewe hakina faida katika mabishano hayo. Basi na tukiulize chuma.

Mambo yaliyomo ndani ya chuma

Wahunzi wetu wa zamani hawakuyeyusha chuma. Chuma safi huyeyuka kwa joto la nyuzi 1,538 za sentigredi, na tanuri za udongo zilizochochewa kwa makaa ya miti na mivukuto kwa kawaida hazikukifikia kiwango hicho. Kilichoyeyuka ni uchafu wa mawe, tuuitao mavi ya chuma, ambao huanza kutiririka karibu na nyuzi 1,200. Chuma chenyewe kilibaki kama bonge lenye matundu mithili ya sifongo. Mhunzi alilipasha moto bonge hilo na kulifua mara nyingi ili kuukamua uchafu uliosalia, lakini hakuweza kuumaliza wote. Vipande vidogo vya mavi ya chuma vilinaswa ndani, na kila pigo la nyundo liliwarefusha wakawa nyuzi nyembamba. Ukikata kipande cha chuma hicho, ukakisugua mpaka kikang'aa na kukiweka chini ya hadubini, nyuzi hizo huonekana waziwazi.

Chuma cha viwanda ni kingine. Tangu Henry Bessemer alipoitangaza mbinu yake mwaka 1856, ulimwengu ulianza kuyeyusha chuma chote kwa wingi na kwa bei nafuu. Uchafu huelea juu ukaondolewa, wala nyuzi zile hazionekani. Tena, kwa kawaida chuma hicho hutiwa manganizi, ambayo katika tanuri ya kale huishia ndani ya mavi ya chuma. Kwa hiyo ubapa usio na nyuzi, wenye manganizi kwa kiasi cha nusu ya asilimia au zaidi, haukutoka kwa mhunzi wa zamani. Yaelekea ulikuwa springi ya gari au kipande cha reli. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo vyuma chakavu havikuwa haba.

Yafaa ieleweke kwamba dalili moja haitoshi kutoa hukumu. Iko aina ya chuma cha Kihindi kilichoyeyushwa ndani ya vyungu karne nyingi kabla ya Bessemer, nacho hakina nyuzi za uchafu. Na bapa za Ulaya za kabla ya enzi ya viwanda vikubwa zilikuwa na nyuzi kama za kwetu. Nyuzi hutuambia namna chuma kilivyotengenezwa; hazituambii ni wapi.

Alama huigwa

Upanga ulionyooka, wenye makali pande mbili na mpini usio na kikingio cha mkono, ambao wakusanyaji huuita kattara, ulibebwa sana na Waarabu wa Omani na Unguja. Jina hilo lafanana na neno letu kitara. Mara nyingi mpini ulitengenezwa Uarabuni au pwani yetu, ilhali ubapa ulitoka Ulaya, hasa mji wa Solingen huko Ujerumani. Mafundi wa Passau na Solingen walikuwa na alama ya mbwa-mwitu akimbiaye. Alama hiyo ilisifika mno, na kwa sababu hiyo iliigwa na mafundi wa nchi nyingi. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayekuonyesha alama kwanza kabla hujauliza lolote, mtilie shaka.

Mfano mzuri zaidi twaupata Japani, ambako ukusanyaji wa panga umekuwa elimu kamili. Mhunzi wa Kijapani hutumia chuma kiitwacho tamahagane, kitokanacho na mchanga wa chuma uliochomwa kwa makaa ya miti, siku tatu mchana na usiku, katika tanuri la udongo liitwalo tatara. Tanuri la namna hiyo lilifufuliwa mwaka 1977 katika mkoa wa Shimane ili ufundi usipotee. Mhunzi hukikunja chuma na kukifua tena na tena. Mwanafunzi na apige hesabu: kila mkunjo huzidisha tabaka mara mbili, mikunjo 10 huleta tabaka 1,024, na mikunjo 15 tabaka 32,768. Kisha hupaka udongo mzito mgongoni mwa upanga na mwembamba kwenye makali, akautia matiko. Makali hupoa upesi yakawa magumu. Mgongo hupoa polepole ukabaki mnyumbufu.

Mhunzi huyo huandika jina lake kwenye msuka, yaani ncha ya chuma iingiayo ndani ya mpini. Majina ya mafundi mashuhuri yameghushiwa kwa karne nyingi. Kwa hiyo mjuzi haridhiki na jina, bali huitazama kutu ya msuka. Kutu ya zamani ni nyeusi au kahawia iliyokolea, imeshikamana na chuma, na hujaza hata mifereji ya herufi. Kutu iliyoletwa kwa asidi au chumvi ina rangi ya chungwa, nayo hupukutika kwa kucha. Ndiyo sababu kule Japani kusafisha msuka huhesabiwa kuwa ni kuuharibu upanga.

Upanga uliosuguliwa

Mwandishi aliwahi kuonyeshwa upanga katika nyumba moja karibu na Tabora. Ulikuwa wa babu wa babu, na mnunuzi alikuwa amekwisha kuja mara mbili. Mara ya kwanza alisema una kutu mno. Kijana wa nyumba, kwa nia njema kabisa, akausugua kwa msasa na ndimu mpaka ukang'aa kama sufuria. Mara ya pili mnunuzi akasema: huu ni mpya, nitatoa bei ya chuma chakavu.

Ubapa ulikuwa hausemi tena neno. Lakini mpini ulikuwa haujafunguliwa. Kwa ruhusa ya mzee wa nyumba tuliuvua, tukaukuta msuka na kutu yake nyeusi, salama kama ulivyoachwa na fundi. Kipande kidogo kuliko punje ya mchele kilitosha. Chini ya hadubini nyuzi za mavi ya chuma zilionekana, zimepangana sawasawa na urefu wa upanga. Haikuwezekana kusema ulifuliwa wapi; iliwezekana kusema kwamba haukuwa springi ya gari. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi atakaporudi, mwambieni hauuzwi." Baada ya hapo akaanza kutusimulia ulikotoka, na kijana aliyeshika msasa akaandika maneno yake katika daftari. Kwa maoni yangu daftari lile lina thamani sawa na upanga wenyewe.

Je, kaboni haiwezi kutupa mwaka?

Wanafunzi wengi watauliza juu ya kaboni-14. Chuma cha pua kina kaboni iliyotoka katika makaa, na makaa yalikuwa mti ulio hai. Katika miaka ya 1960 Nikolaas van der Merwe alionyesha kwamba kaboni hiyo yaweza kupimwa umri. Nusu ya kaboni-14 hutoweka kila baada ya miaka 5,730. Lakini kipimo hiki kina mitego miwili. Kwanza, chuma kilichochomwa kwa makaa ya mawe kina kaboni ya mamilioni ya miaka, isiyo na kaboni-14 hata kidogo. Upanga wa juzi utaonekana kana kwamba umefuliwa kabla ya wahunzi kuwako duniani. Pili, kwa vitu vilivyotengenezwa kati ya mwaka 1650 na 1950, mabadiliko ya kaboni-14 katika hewa huufanya mwaka mmoja ulingane na mwingine, na jibu huwa pana mno. Karne ya misafara yote imo ndani ya ukungu huo. Hata hivyo, kipimo chaweza kututenganishia makaa ya miti na makaa ya mawe, na hilo si jambo dogo.

Sheria na safari ya kitu cha kale

Hapa ndipo umri unapokuwa jambo la sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, huuchukua mwaka 1863 kuwa mpaka: kifaa kilichotengenezwa na binadamu nchini kabla ya mwaka huo ni kitu cha kale. Vifaa vya baadaye vilivyotengenezwa kwa matumizi ya jamii navyo vimetajwa, isipokuwa vile vilivyotengenezwa ili viuzwe kama mapambo ya ukumbusho. Vitu vilivyolindwa haviwezi kutolewa nchini bila kibali. Na upanga ambao ubapa wake ni wa Solingen na mpini wake wa Unguja uhesabiwe vipi? Hilo si la muuzaji kuamua, wala la mnunuzi. Ni la kuulizwa kwenye idara inayohusika na mambo ya kale.

Tanzania iliuridhia mwaka 1977 Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 uzuiao biashara haramu ya mali za utamaduni. Kuna pia mkataba wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mpini wa pembe ya kifaru au wa pembe ya ndovu huujia mkataba huo, hata kama ubapa hauna neno. Japani nayo haina ulegevu: upanga hautoki nchini humo bila hati ya Shirika la Mambo ya Utamaduni, na zile zilizotangazwa kuwa hazina ya taifa hazitoki kabisa kwa kuuzwa.

Kitu kinaposafiri kihalali, kwa mfano kwenda kwenye maonyesho, adui wake wa kwanza ni hewa ya bahari. Chumvi na unyevu huamsha kutu iliyolala. Ubapa hupakwa mafuta mepesi yasiyo na asidi, hutengwa na ala yake ya ngozi, kwa kuwa ngozi hutunza unyevu, na hufungwa pamoja na vidonge vya kukausha hewa. Picha, vipimo na uzito huandikwa kabla ya sanduku kufungwa, ili kinachorudi kiwe kile kilichokwenda.

Urithi wa wahunzi

Tusije tukadhani kwamba thamani imo katika panga za wageni peke yake. Masoko ya Unyanyembe yalijaa majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa Usumbwa na Uzinza, na jembe lilitumika hata kulipia mahari. Wafipa walijenga tanuri refu kuliko kimo cha mtu, lililovuta hewa lenyewe bila mivukuto. Huko Buhaya, mwaka 1976, wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani walijenga tanuri upya mbele ya Peter Schmidt na wenzake. Na mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery walichapisha habari kwamba mababu wa eneo hilo walitengeneza chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Maelezo yao juu ya joto la tanuri yamebishaniwa na wataalamu tangu hapo, kama ipasavyo katika sayansi. Jembe la Msumbwa halina alama ya mbwa-mwitu, lakini nyuzi zilizomo ndani yake husimulia ujuzi ule ule.

Kazi ya darasani

Chukua misumari mitatu mipya. Weka mmoja katika maji ya mvua, wa pili katika maji ya chumvi, na wa tatu upake mafuta uuache hewani. Andika kila siku rangi ya kutu na namna inavyoshika, kwa muda wa wiki tatu. Kisha, kwa ruhusa ya wenyewe, tazama jembe au mkuki wa zamani uliopo kijijini, ulinganishe kutu yake na ya misumari. Usisugue, usioshe, wala usivue mpini. Chukua daftari, umwombe mwenye kifaa akueleze kilikotoka.