Moto wa Pilipili na Moto wa Kweli: Mezani kwa Watu wa Sichuan



Tangu mwaka 2008, serikali yetu ilipotia sahihi na makampuni ya China mkataba uliozaa Sicomines, Wachina wengi wamekuja kufanya kazi Kolwezi na Lubumbashi. Mahali watu wanapokaa, jiko lao linawafuata. Labda mwenzako wa kazi atakualika kula chakula cha kwao, ao utatumwa China kwa mafunzo. Ikiwa mwenyeji wako ni mtu wa Sichuan, jimbo la kusini-magharibi ya China, ujitayarishe: huko pilipili ni kama chumvi.

Pilipili yenyewe ilitoka Amerika. Ilifika China mwishoni mwa karne ya 16, na kwetu Afrika Wareno ndio walioileta. Basi Msichuan na Mkatanga wamepokea mbegu ya ukoo mmoja. Lakini yeye anaikaanga ndani ya mafuta mengi, na ukali wote unaingia katika mafuta hayo.

KWA NINI INACHOMA?

Ndani ya pilipili mna kitu kinachoitwa kapsaisini. Kinywani mwetu mna mishipa ya fahamu inayotuonya tukigusa kitu cha moto sana. Kapsaisini inaamsha mishipa ile ile. Ni kama kengele ya hatari inayolia mgodini wakati hakuna moto: mwili unatoka jasho, macho yanatoa machozi, pua inatiririka, lakini ulimi haukuungua. Mtaalamu David Julius na wenzake walieleza jambo hili mwaka 1997, naye akapata tuzo la Nobel mwaka 2021.

Watu wa Sichuan wana kiungo kingine, huajiao. Ni maganda ya tunda dogo la mti wa jamaa ya malimau. Hakichomi, kinatia ganzi: midomo inatetemeka kidogo kama imeguswa na umeme. Ganzi hiyo inapita yenyewe. Usidhani umewekewa sumu.

NAMNA YA KULA

1. Sema mapema. «Bu la» maana yake bila pilipili. «Wei la» ni pilipili kidogo. Si vyakula vyote vya Sichuan vinachoma: bata aliyekaushwa kwa moshi wa majani ya chai hana ukali, hata watoto wanamla.

2. Usile kila kitu unachokiona. Katika kuku aitwaye laziji, rundo la pilipili kavu linaachwa sahanini. Unachagua nyama kwa vijiti. Katika samaki wa shuizhu, mafuta mekundu yanayoelea juu hayanywewi kama supu.

3. Kinywa kikiwaka, usikimbilie maji wala bia. Kapsaisini haiyeyuki katika maji. Maji yanaisambaza tu. Kunywa maziwa, ao kula mchele mweupe. Mchele huko unafanya kazi ya bukari kwetu: unabeba mboga na kutuliza kinywa.

4. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho ao kumshika mtoto. Pilipili ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi, wala usisugue.

HAPA NDIPO MOTO WA KWELI

Pilipili inapiga kelele, lakini hatari yenyewe mara nyingi inakaa kimya. Angalia mambo manne.

Karanga. Kuku wa gongbao anapikwa na karanga, ambazo kwa Kichina zinaitwa «huasheng». Kuna watu ambao mwili wao unazikataa. Jasho na machozi ni kazi ya pilipili. Lakini midomo ao uso ukivimba, ngozi ikitoka vipele, pumzi ikikatika, ao mtu akizunguzika, usimpe maziwa na kungoja. Mpeleke hospitali dakika ile ile. Mtu huyo anaweza kufa. Akipona, asiguse tena karanga, hata zile za nyumbani.

Sufuria ya mezani. Watu wa Chongqing, mji jirani wa Sichuan, wanachemsha mchuzi katikati ya meza, na kila mtu anatia nyama yake. Chakula hicho kilianza kwa watu wa kazi nzito kama sisi, wapagazi na mabaharia wa mto Yangtze. Mafuta yanafunika mchuzi, kwa hiyo mvuke unaonekana kidogo, lakini chini yake kunachemka. Weka watoto mbali, na dirisha liwe wazi ikiwa jiko ni la gesi. Mtu akiungua, mwagia mahali pale maji baridi safi kwa dakika 20. Usipake mafuta ya mawese wala dawa ya meno.

Nyama mbichi. Vijiti vilivyoshika nyama mbichi visiingie kinywani. Kuku na nguruwe viive mpaka ndani. Nguruwe asiyeiva anaweza kukupa tegu. Pilipili haiui mdudu huyo. Moto ndio unaomuua.

Kidonda cha tumbo. Wengi wanasema: «Ni pilipili iliyonitoboa tumbo.» Mwaka 1982, waganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipata mdudu aitwaye Helicobacter pylori, ambaye ndiye chanzo cha vidonda vingi vya tumbo. Chanzo kingine ni dawa za maumivu kama aspirini, zikimezwa ovyo. Pilipili inaweza kumwongezea mgonjwa maumivu, lakini haikuzaa kidonda chake. Basi usiseme «nitaacha pilipili, nitapona». Tumbo likiuma wiki nzima, nenda kwa munganga. Mdudu huyo ana dawa. Choo kikiwa cheusi kama lami, ao ukitapika damu, usingoje kesho.

Neno la mwisho kwa wenye zamu: kama hujazoea chakula hiki, usikijaribu saa chache kabla ya kushuka mgodini. Tumbo linaweza kuharika, na kule chini hakuna mahali pa kukimbilia. Ngoja siku ya mapumziko, ukae na wenzako, ule polepole.

Ndugu, kelele ya pilipili isikutishe, na isikuzuie kusikia hatari isiyo na kelele.