Jiwe la Gabon lililopasua atomu kabla ya binadamu

Juni 1972, katika kiwanda cha Pierrelatte nchini Ufaransa, wapimaji wa urani walikuta hesabu haikai sawa. Urani, popote inapochimbwa, huwa na atomu za aina kuu mbili: urani-238, ambayo ndiyo karibu yote, na urani-235, ambayo ni asilimia 0.720 tu. Shehena iliyokuwa mbele yao, iliyotoka Gabon, ilikuwa na asilimia 0.717. Ni upungufu mdogo sana, lakini urani-235 ndiyo inayotengenezewa mabomu, na hakuna serikali inayolala usingizi ikiambiwa kuna kiasi fulani hakionekani. Wakafuatilia hadi mgodi wa Oklo, karibu na Franceville. Huko wakakuta mawe ambayo urani-235 yake ilikuwa chini ya asilimia 0.5. Hakuna aliyeiba. Urani ile ilishaungua yenyewe ardhini, kiasi cha miaka bilioni 2 iliyopita.

Ili kuelewa jiwe linaunguaje namna hiyo, tuanze na kiini cha atomu. Ndani yake mna protoni, zenye chaji chanya, na nyutroni, zisizo na chaji. Protoni husukumana muda wote. Kinachozuia zisitawanyike ni nguvu ya nyuklia, ambayo ni kali mno lakini haifiki mbali. Kiini cha urani kina protoni 92, na ukubwa huo ndio udhaifu wake, kwa kuwa nguvu inayoshika inazidi kwa kiasi kidogo tu nguvu inayosukuma. Nyutroni moja ikiingia katika kiini cha urani-235, kiini kinatikisika, kinarefuka, kisha kinapasuka vipande viwili, kwa mfano bariamu na kriptoni. Nyutroni mbili au tatu huruka nje.

Ukivipima vipande vyote pamoja na nyutroni hizo, uzito wake haufikii ule wa mwanzo. Uzito uliopungua umegeuka nishati, kwa kanuni aliyoitoa Einstein mwaka 1905. Gramu 1 ya urani-235 ikipasuka yote hutoa joto la karibu tani 3 za makaa ya mawe.

Jambo hili lilionekana kwanza Berlin, Desemba 1938, pale Otto Hahn na Fritz Strassmann walipoipiga urani kwa nyutroni wakakuta bariamu wasiyoitarajia. Aliyeeleza kilichotokea ni Lise Meitner, mwanafizikia mwenye asili ya Kiyahudi aliyekuwa amekimbilia Sweden miezi michache kabla, akisaidiana na Otto Frisch, mtoto wa dada yake. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944 akapewa Hahn peke yake. Kwa maoni yangu hakuna tuzo ya fani hii iliyotolewa kwa dhuluma kuliko ile.

Turudi Oklo. Nyutroni zinazotoka kwenye mpasuko zina kasi kubwa, na urani-235 hudaka kwa urahisi zaidi zile zinazokwenda polepole. Kwa hiyo lazima kitu kizipunguze kasi, na maji huifanya kazi hiyo vizuri. Kule Oklo maji ya ardhini yalipenya katika mwamba wenye urani nyingi, nyutroni zikapungua kasi, mpasuko mmoja ukazaa mwingine. Joto likapanda mpaka maji yakawa mvuke na kutoweka. Bila maji, mpasuko ukakatika. Mwamba ukapoa, maji yakarudi, moto ukawaka upya. Watafiti waliochunguza gesi ya zenoni iliyonaswa katika madini ya pale walikadiria kwamba mwamba uliwaka kwa dakika 30 hivi, ukapumzika kwa saa mbili na nusu, kisha ukaanza tena. Mchezo huo uliendelea kwa mamia ya maelfu ya miaka.

Leo hakuna mwamba unaoweza kuwaka hivyo. Urani-235 huoza haraka kuliko urani-238, hivyo sehemu yake hupungua kadiri dunia inavyozeeka. Enzi zile ilizidi asilimia 3. Siku hizi kiwango hicho tunakipata viwandani kwa kurutubisha urani hadi asilimia 3 mpaka 5, kisha tunaitia katika kinu na kuizungushia maji, yaani hali ileile ya Oklo, ila sasa kuna fimbo za kunyonya nyutroni ambazo mhandisi huzishusha au kuzipandisha. Joto huchemsha maji, mvuke huzungusha tabo, umeme unapatikana. Bomu huhitaji urani iliyorutubishwa kufikia asilimia 90 hivi, na ndiyo maana kinu cha umeme hakiwezi kulipuka kama bomu la Hiroshima. Chernobyl, mwaka 1986, nguvu ilipanda ghafla na mvuke ukakipasua kinu. Maafa yake yalikuwa makubwa, lakini halikuwa bomu la atomu.

Muungano ndio kinyume cha mpasuko: viini vyepesi, vya haidrojeni, vinashikana na kuwa heliamu. Hapa pia uzito hupungua na nishati hutoka, tena nyingi zaidi kwa kila gramu. Ugumu uko mlangoni. Nyutroni haina chaji, kwa hiyo inaingia katika kiini cha urani bila kuzuiwa. Viini viwili vya haidrojeni vyote vina chaji chanya na husukumana, mpaka vikutanishwe kwa kasi ya kutisha. Jua hulifanya hilo kwa uzito wake lenyewe, katika kitovu chenye nyuzi joto milioni 15, na kila sekunde tani milioni 4 hivi za uzito wake hugeuka nishati. Sisi hatuna mgandamizo huo. Inabidi tupandishe joto lipite nyuzi milioni 100, na hakuna chombo cha kushika kitu cha moto hivyo isipokuwa sumaku kali zinazokifanya kielee.

Magazeti hupenda kutangaza kwamba umeme wa muungano, yaani jua la duniani, umewadia. Tupige hesabu kwa yuniti za LUKU, yaani kilowati-saa. Desemba 2022, maabara ya NIF huko California ililenga miale ya leza yenye megajuli 2.05 kwenye punje ya haidrojeni, ikapata megajuli 3.15. Ni ushindi mkubwa wa kisayansi. Lakini megajuli 3.15 haitimii yuniti moja, ilhali leza zenyewe zilivuta kwenye gridi umeme wa yuniti zaidi ya 80. Mwaka 2023, mtambo wa JET nchini Uingereza ulitoa joto la yuniti 19 hivi kwa sekunde 5, na huo ndio uliokuwa mwisho mwema wa mtambo ule. Mpaka sasa muungano haujaiuzia gridi yoyote hata yuniti moja. Anayekuahidi tarehe, msikilize kwa tahadhari.

Mpasuko, kwa upande wake, unafanya kazi karibu nasi kuliko tunavyodhani, na si kwa umeme tu. Hospitalini, daktari anapotaka kuona kama saratani imefika kwenye mifupa, mara nyingi mgonjwa huchomwa sindano ya teknetiamu-99m. Kila baada ya saa 6 nusu ya mionzi yake huwa imekwisha, kwa hiyo haiwezi kuwekwa stoo. Hukamuliwa hospitalini kutoka kwa molibdenamu-99, ambayo hupatikana kwa kupasua urani, na mojawapo ya vinu vinavyoitengeneza ni SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini.

Unguja inajua faida nyingine. Mbung'o waliokuwa wakiambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana walipigwa vita kwa madume yaliyofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi ya gamma. Kobalti-60 na sesiamu-137, vyanzo vya kawaida vya mionzi ya aina hiyo, vyote hutoka katika vinu vya nyuklia. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, na likipandwa na dume tasa halizai. Kuanzia mwaka 1994 madume zaidi ya milioni 8 yalimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o.