Kumbukumbu za seva: shahidi wa kidijitali katika mashauri ya uchaguzi Kenya

Majaji wa Mahakama ya Juu ya Kenya waliposikiliza mwezi Agosti 2017 shauri la kupinga ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta, upande wa mlalamikaji, Raila Odinga, haukutaka fomu za matokeo peke yake. Ulitaka pia kumbukumbu za seva za Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, na tarehe 28 mahakama ikaamuru zifunguliwe ili zisomwe bila kuguswa.

Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine. Huyaandika yenyewe yale yanayoipata: nani ameingia, nani amekataliwa, faili gani limepokelewa, programu gani imekwama. Manahodha wana batli, daftari la mwenendo wa safari. Kumbukumbu za seva ni batli ambayo mashine hujiandikia, usiku na mchana, mistari maelfu kwa maelfu. Kwa kawaida kila mstari hubeba tarehe na saa, jina la mashine, jina la programu na ujumbe wenyewe.

Katika utaratibu unaotumiwa na seva nyingi, ujumbe hupewa daraja kuanzia 0 hadi 7. Sifuri ni dharura, mfumo hautumiki tena. Saba ni maelezo madogomadogo yanayowafaa watengenezaji wa programu. Asiye mzoefu hulikimbilia neno "hitilafu" na kudhani amempata mwizi. Mara nyingi sivyo. Seva yoyote iliyo wazi kwenye intaneti hubishiwa hodi kila siku na mitambo inayokisia maneno ya siri, na kila jaribio lililoshindwa huacha mstari wake. Mistari elfu ya kukataliwa huthibitisha tu kwamba mlango ulikuwa umefungwa. Wa kutafutwa ni ule mmoja wa kukubaliwa, hasa ukifuata msururu wa kukataliwa, au ukitokea saa ambayo mwenye akaunti hakuwa kazini.

Saa nayo ina mtego wake. Seva nyingi huwekwa kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Nairobi kwa muda wa saa tatu. Vituo vya kura vikifungwa saa kumi na moja jioni nchini Kenya, seva ya namna hiyo huandika 14:00. Anayesoma bila kulijua hilo ataona matokeo yakiingia alasiri, watu wakiwa bado kwenye foleni, naye ataapa kwamba kura zimepikwa. Kwa hiyo fundi makini, kabla ya kusoma ujumbe wowote, huuliza mashine imefuata saa ya wapi.

Ubishi wa mwaka 2017 haukuwa wa kitaalamu tu. Chris Msando, afisa wa ngazi ya juu wa teknolojia katika IEBC, aliuawa siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 8. Odinga alidai kwamba wadukuzi waliingia kwenye mfumo kwa kutumia utambulisho wa marehemu huyo. Tume ilisema kulikuwa na jaribio la udukuzi, lakini halikufanikiwa. Madai ya aina hii ndiyo hasa ambayo kumbukumbu za seva huweza kuyapima, kwa kuwa hubainisha jina la akaunti iliyotumika, anwani ya kompyuta iliyoitumia na dakika yenyewe.

Hata hivyo, kumbukumbu hazikutolewa kikamilifu kama ilivyoamriwa. Septemba 1, majaji wanne dhidi ya wawili walibatilisha uchaguzi. Katika hukumu kamili ya Septemba 20, walisema kukaidi huko kuliwalazimu kuyakubali madai ya walalamikaji: kwamba ama mfumo uliingiliwa, ama maafisa wa tume wenyewe waliuchezea, ama tume ilikataa tu kukiri kwamba imevuruga urushaji wa matokeo. Mahakama haikuhitaji kujua ni lipi kati ya hayo. Kimya cha seva kilihesabiwa dhidi ya aliyezifunga.

Miaka mitano baadaye mambo yaligeuka. Odinga alirudi mahakamani kupinga ushindi wa William Ruto, na safari hii walalamikaji ndio waliokuja na kurasa walizosema ni kumbukumbu za seva, zikionyesha fomu zikibadilishwa njiani. Septemba 5, 2022, majaji wote saba waliyatupa madai hayo. Jaji Mkuu Martha Koome alieleza kuwa baadhi ya kumbukumbu hizo ama zilikuwa za uchaguzi wa 2017, ama zilikuwa uongo mtupu.

Ni rahisi kudanganyika hapo, maana kumbukumbu ni maandishi ya kawaida ambayo yeyote mwenye kompyuta anaweza kuyahariri. Ndiyo sababu mafundi hutuma nakala ya kila mstari kwenye mashine nyingine papo hapo, mbali na mikono ya msimamizi wa seva yenyewe, na kuyawekea mafaili alama ya kihesabu inayobadilika hata herufi moja ikiguswa. Mchunguzi huikokotoa upya alama hiyo na kuilinganisha na ile ya awali. Karatasi iliyochapwa na kukabidhiwa wakili haina alama ya kulinganishwa.