Mlezi wa Mchana: Namna ya Kuipima Shule ya Watoto Wadogo



Mtu afikaye Msamvu kabla ya mapambazuko hukuta watu wamekwisha amka. Hapo ndipo barabara itokayo Dar es Salaam igawanyikapo, moja ikienda Dodoma na nyingine Iringa, na hapo ndipo kilipo kituo kikuu cha mabasi cha Morogoro. Wauza chai na maandazi wamekwisha koka moto. Wengine wapanga ndizi na matunda yaliyoteremshwa kutoka milima ya Uluguru. Wengi wao ni wanawake wenye watoto wadogo. Biashara ya alfajiri haimngoji mtoto ashibe usingizi, wala kando ya mabasi si mahali pa kumlea. Basi mama humpeleka kwenye shule ya watoto wadogo, ile tuiitayo chekechea, akamwacha huko mpaka alasiri. Leo twataka kueleza namna mzazi awezavyo kuipima shule hiyo, apate kujua kama mwanawe yu katika mikono mizuri.

Zamani swali hili halikuwa zito. Katika desturi ya Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mama alipokwenda shamba, mara nyingi walibaki nyumbani bibi, mama wadogo na dada wakubwa. Mtoto alipolia palikuwa na mtu wa kumwinua. Alipouliza palikuwa na mtu wa kumjibu. Na jioni alifundishwa kwa hadithi na vitendawili. Hapakuwa na ubao wala chaki, lakini mafunzo yalikuwapo. Mjini mambo ni mengine. Mama amepanga chumba kimoja, na bibi amebaki mlimani. Kwa hiyo mwalimu wa chekechea ameshika nafasi ya bibi. Tukilisahau neno hilo, tutaipima shule kwa kipimo kisicho chake.

Kipimo wakitumiacho wazazi wengi ni daftari. Wakiona mtoto wa miaka 3 ameandika mistari ya herufi, au akirudi nyumbani akikariri maneno ya Kiingereza, hufurahi na kusema ada yao haikupotea. Hatuwalaumu, maana ada hiyo yatoka katika jasho lao. Lakini daftari halielezi mengi. Mkono wa mtoto wa umri huo haujapata nguvu ya kushika kalamu sawasawa, na mara nyingine mistari ile imeandikwa na mwalimu aliyemshika mkono. Na neno alikaririlo asilolifahamu halimfai kitu.

Serikali ya Tanzania ilitunga sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana mwaka 1981. Baadaye mambo hayo yakaingizwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walieleza mambo 5 ambayo mtoto mdogo hana budi kuyapata pamoja: afya njema, chakula kifaacho, ulinzi, nafasi ya kujifunza, na mlezi amwitikiaye. Programu ya taifa ya malezi ya watoto wadogo, iliyozinduliwa Desemba 2021, imejengwa juu ya mambo hayo hayo. Tutaanza na lile la mwisho, kwa kuwa ndilo lisilonunuliwa dukani.

Ubongo wa mtoto hukua kwa haraka katika miaka ya kwanza kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake, nao hukua kwa kuitikiana na watu. Mtoto aonyesha kitu kwa kidole, mlezi akitazama na kukitaja jina. Mtoto alia, mlezi ainama na kumwuliza limpatalo. Mtoto asiyejibiwa, hata akiogeshwa na kulishwa, mwisho huacha kuuliza. Ndiyo sababu hesabu ya watoto ni jambo kubwa. Kipimo kilichowekwa kwa darasa la awali ni mwalimu 1 kwa watoto 25, na walio wadogo zaidi wahitaji walezi wengi zaidi. Mwalimu mmoja akiachiwa watoto 60, hata awe mwema namna gani, hatapata nafasi ila ya kuwanyamazisha. Chumba cha watoto kilicho kimya saa zote si dalili ya adabu. Pengine ni dalili ya hofu.

Jambo la pili ni kujifunza, na mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza. Vizibo vya soda hupatikana bure kila penye duka. Mtoto akitenga vyekundu mbali na vya kijani, amejifunza kulinganisha. Akimpa mwenzake 2 na kubakiwa na 3, amejifunza hesabu. Akivipanga mstari, amevitia nguvu vidole vitakavyoshika kalamu baadaye. Lakini vioshwe kwanza, wala wasipewe wachanga watiao kila kitu kinywani. Udongo wa kufinyanga, mchanga, ngoma na nyimbo navyo vyafaa. Na hadithi asimuliwe kwa lugha aifahamuyo. Mtoto aliyekwisha shika vema Kiluguru cha nyumbani na Kiswahili cha mjini, ataijenga lugha ya tatu juu ya msingi huo.

Jambo la tatu ni chakula, na la nne ni afya. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Uji wa unga mtupu hujaza tumbo lakini haujengi mwili. Hauna budi kutiwa karanga au maziwa, na chakula cha mchana kiwe na maharage au dagaa pamoja na mboga za majani. Maji ya kunywa yachemshwe, na karibu na choo pawe na maji na sabuni.

Jambo la tano ni ulinzi. Mahali papitapo malori na mabasi mchana kutwa, ua na lango si mapambo. Mtoto asitolewe langoni ila kwa mtu ajulikanaye. Wala fimbo haina kazi hapo: yamfundisha mtoto kuogopa, haimfundishi kufahamu.

Basi mzazi, nenda shuleni saa 4 asubuhi, ambayo si saa ya kumleta mtoto wala ya kumchukua. Omba kuona hati ya usajili. Hesabu watoto, uhesabu na walezi. Tazama kama mwalimu huinama anaposema na mtoto, na kama anawajua kwa majina. Funua sufuria. Uliza mwalimu hulipwa lini, maana mwalimu asiyelipwa kwa wakati hakai, na mtoto abadilishiwaye mlezi kila mwezi huanza upya kila mwezi kuzoea watu. Ada ikiwa ndogo kupita kiasi, uliza kilichopunguzwa. Yawezekana wazazi wenyewe wakachanga maharage na karanga, na gharama ikapungua bila mtoto kupunjwa.

Mwisho, mtazame mtoto mwenyewe. Akiwa mgeni atalia, na hilo si ajabu. Lakini majuma yakipita naye bado ashikilia nguo yako langoni kila asubuhi, usimkemee kabla ya kuchunguza sababu. Hajui kueleza kwa maneno yaliyomo ndani ya ua ule. Huko kushikilia ndiko kueleza kwake.

Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Siku hizi tumemgawia mwingine saa nyingi za kulea. Basi tusiishie kulipa ada. Twende tukaone mtoto wetu analelewaje.