Kutoka Bethlem hadi Bedlam: Jina la Hospitali katika Lugha na Burudani

Majina ya hospitali za wagonjwa wa akili aghalabu hayabaki kuwa majina ya mahali tu. Yakishazoeleka, huanza kubeba maana ya hali au tabia. Mfano uliokamilika ni Bedlam ya Kiingereza. Makala haya yanafafanua safari ya neno hilo, kisha yanalilinganisha na Mirembe katika Kiswahili cha Tanzania.

Safari ya Bedlam

Chanzo chake ni nyumba ya kitawa ya Mtakatifu Maria wa Bethlehemu, iliyoanzishwa London mwaka 1247. Kumbukumbu za mwaka 1403 zinaonesha kwamba wagonjwa wa akili walikuwa wakihifadhiwa humo. Katika usemi jina likawa na maumbo mawili yaliyogawana kazi: Bethlem likabaki la kirasmi, Bedlam likawa la mtaani. Umbo la mtaani ndilo lililopanuka kimaana. Lilitaja hospitali, likamtaja pia mwenye kichaa, na hatimaye likataja ghasia yoyote. Leo nomino hiyo huandikwa kwa herufi ndogo.

Sanaa ilichangia upanuzi huo. Katika tamthilia ya King Lear ya Shakespeare, Edgar anajificha kwa kujifanya Tom, ombaomba wa Bedlam. Jina linatosha kumchora mhusika. William Hogarth, katika mfululizo wa picha 8 aliouchapisha mwaka 1735, alimalizia anguko la kijana mbadhirifu ndani ya hospitali hiyo. Kando ya wagonjwa aliwachora wanawake wawili waliovaa vizuri, waliokuja kutazama. Hilo halikuwa la kubuni: wageni waliruhusiwa kuingia kujionea, hadi desturi hiyo ilipobanwa mwaka 1770. Hospitali yenyewe ilikuwa burudani kabla ya kusawiriwa katika burudani. Filamu ya Bedlam ya mwaka 1946, ambamo Boris Karloff anaigiza msimamizi katili, ilitoka wakati hospitali imekwisha kuhamia Beckenham tangu mwaka 1930. Taasisi ilihama, taswira ilibaki.

Mirembe: taashira isiyokamilika

Mirembe ni hospitali iliyoko Dodoma. Katika mazungumzo na vichekesho husikika kauli kama "apelekwe Mirembe", "katoroka Mirembe" au "huyo wa Mirembe". Kisarufi, jina hili hufuata vitenzi vya mwendo au kihusishi cha umilikishi, na halihitaji kiambishi cha mahali. Mzaha wake hutegemea safari: mtu anakwenda, anatoroka au anatoka huko. Hii ni taashira, lakini nomino bado ni ya pekee. Hakuna asemaye kwamba "mirembe ilizuka sokoni" akimaanisha ghasia. Mathari ya Nairobi na Kidongo Chekundu ya Zanzibar hutumika kwa namna hiyohiyo.

Jina hili husikika na kuandikwa pia "Milembe". Ubadilishanaji wa /l/ na /r/ ni wa kawaida kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, hivyo peke yake si ushahidi wa maana mpya. Hata hivyo, iwapo umbo hilo litajikita katika mzaha huku Mirembe likibaki katika nyaraka, mgawanyo wa Bethlem na Bedlam utakuwa umejirudia.

Tofauti hii ya hatua ina uzito wa kijamii. Bedlam limejitenga na hospitali kiasi kwamba anayelitamka hamtaji mgonjwa yeyote. Mirembe halijajitenga. Kejeli inayomlenga mwamuzi wa mpira au mwanasiasa hupitia mahali ambapo ndugu wa mtu anatibiwa, na kauli "kupelekwa Mirembe", ambayo kimsingi inahusu matibabu, husikika kama hukumu. Mwandishi wa kamusi atakayeiingiza kauli hiyo atapaswa kuonesha maana zote mbili, na kubainisha kwamba ya pili ni ya dhihaka.