Chumvi ya Nani?

Juzi maskani, Kibirizi hapa Kigoma, mwana mmoja katuletea stori: eti usiku kashusha samaki, kuhe mrefu kama siti ya bodaboda. Kijiwe kikapasuka. "Chai hiyo!" "Oya, punguza chumvi!" Dogo mmoja wa chuo, yuko likizo, ngeli imemkolea, akasema taratibu: "Mi hiyo naichukua na punje ya chumvi."

Kimya. Chumvi tena? Si ndo tunamwambia jamaa apunguze?

Hapo ndo ngeli inatupiga chenga. Kwetu chumvi anatia mpiga stori, na ukimwambia "umetia chumvi" ushamchana laivu. Mwingereza yeye chumvi anampa msikilizaji. Hasemi "unanipiga kamba." Anasema nimekusikia, ila simezi nzima nzima: kuhe yupo, urefu tutaupima. Tena mara nyingi hamwambii mwenye stori. Anakunong'oneza wewe pembeni, "ya yule bwana, ichukue na chumvi kidogo." Kistaarabu, na kinafiki kidogo ukiniuliza mimi.

Msemo huo wengi wanaufuatilia hadi kwa Mrumi Pliny, karne ya 1, aliyeandika dawa ya kukinga sumu yenye tini, majani na punje ya chumvi. Poa. Ila sisi wa mwisho wa reli chumvi hatuhadithiwi: Uvinza watu wamechemsha maji ya chemchemi kuipata kwa zaidi ya miaka 1,000.

Na kazi ya hiyo punje ipo hapa hapa Ujiji. Kila mgeni anapelekwa chini ya miembe kusimuliwa Stanley alivyomkuta Livingstone na ile salamu yake ya kujifanya anamdhania: "Dr. Livingstone, nadhani?" Stanley anasema 10 Novemba 1871. Livingstone kwenye shajara yake kaandika Oktoba, na salamu yenyewe hakuitaja (naye hesabu ya siku ilikuwa imempotea, tusimwonee mtu). Shajara ya Stanley? Kurasa za siku hiyo zimechanwa. Na huyu ndiye aliyejiita Mmarekani wakati kazaliwa Wales, jina John Rowlands. Walikutana, hilo halina ubishi. Ile salamu sasa, mwanangu, shika chumvi.

Jioni kuhe akaletwa. Kidole hadi kiwiko, basi. Dogo akatumwa dukani chumvi ya jero, kuhe tukamchoma.