Maneno Matamu, Malipo Machungu

Lugha ya watu ni ghala ya mambo yao: humo wameweka furaha zao, ugomvi wao, na njia zao za kutafuta riziki. Leo twapenda wasomaji wetu watazame pembe moja tu ya ghala ya Waingereza, nayo ni namna wanavyosema habari za kulipa. Hatufanyi hivyo kwa mchezo. Kiingereza kingali lugha ya mikataba mingi inayotiwa sahihi katika nchi zetu, na mtu atiaye sahihi maneno asiyoyaelewa huenda akalipa asichokikusudia.

Tuanze na neno lenyewe, "pay". Neno hili liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Kifaransa nacho kililirithi kutoka Kilatini, ambako maana yake ilikuwa kutuliza au kupatanisha, na shina lake ni moja na la neno la amani. Basi mwenye kulipa alikuwa amemtuliza mdai wake. Waswahili nao wamelijua jambo hilo tangu zamani, ndiyo maana husema kuwa dawa ya deni ni kulipa.

Lakini Mwingereza hakuliacha neno hilo sokoni. Akikusikiliza vema, husema kwamba anakulipa usikivu. Akija kukujulia hali, anakulipa ziara. Akienda msibani, anakwenda kulipa heshima zake. Mwanafunzi akifasiri hayo neno kwa neno, atazaa Kiswahili kisicho na baba wala mama. Sisi hutega masikio, humjulia mtu hali, hutoa heshima. Wala hatulipi hata kimoja katika hivyo, kwa kuwa si madeni. Hata hivyo, siku hizi husikika watu wakisema kwamba fulani "ananunua muda", hali lugha yetu ina maneno yake ya kumweleza mtu anayechelewesha jambo kwa hila.

Misemo mingine ya malipo imehifadhi historia. Zamani katika vilabu vya pombe vya Uingereza, mteja asiye na fedha aliandikiwa deni lake kwa chaki juu ya kibao cha jiwe. Hata leo, vibao hivyo vikiwa vimekwisha toweka, mtu huomba deni lake "liwekwe kwenye kibao". Hali kadhalika, vyoo vya hadhara vya nchi hiyo vilifungwa kwa kufuli iliyofunguka kwa kutumbukiza peni moja. Kwa kuwa watu wenye haya hawakupenda kukitaja choo, walisema wanakwenda "kutumia peni". Tarehe 15 Februari, 1971, Uingereza iliacha hesabu ya peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni, ikaigawa pauni katika peni 100. Peni ya kale ilikufa, bali msemo wake haukuzikwa nayo.

Haya hiyo ya choo yatuonyesha tabia moja ya Kiingereza. Mara nyingi linapokuja jambo la nani atoe fedha, wenye lugha hiyo hupenda kuzunguka. Mwenye kukukaribisha chai hasemi atalipa. Husema chai hiyo "iko juu yake". Hapo tumeelewana, kwani hata sisi husema, "Leo ni juu yangu." Kila mtu akijilipia chake, wao husema wamekwenda "Kiholanzi". Ikumbukwe kwamba Waingereza na Waholanzi walipigana vita vitatu baharini kati ya mwaka 1652 na 1674, na Kiingereza kina misemo mingi inayomdhihaki Mholanzi. Hata ushujaa unaotokana na ulevi huitwa ushujaa wa Kiholanzi. Na mwenye hoteli akikupa kitu bila bei, hukuambia kipo "juu ya nyumba". Mgeni asiyejua huenda akatazama darini akitafuta kikombe chake!

Lakini je, nyumba hulipa? Nyumba haina mfuko. Katika karne ya 19, vilabu vingi vya pombe vya Marekani vilitangaza chakula cha mchana cha bure kwa kila anunuaye kinywaji. Chakula chenyewe aghalabu kilikuwa cha chumvi nyingi, na mwenye kula chumvi hana budi kunywa, na mwenye kunywa hana budi kulipa. Wamarekani wakapata msemo kwamba hakuna chakula cha mchana cha bure, na mwaka 1975 mtaalamu wa uchumi Milton Friedman aliutumia kuwa jina la kitabu chake. Msemo huo watufaa sana, kwa kuwa waulizia jambo ambalo misemo mingine hulificha: ni nani hasa aliyelipa?

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni ule wa kununua vitu kwa malipo ya kidogo kidogo. Wenye maduka wa Uingereza waliupamba utaratibu huo kwa jina la "masharti mepesi". Wateja wao, walioonja utamu na uchungu wake, waliupa jina jingine, "never-never", yaani usiokwisha kamwe. Kwa sheria, kochi au cherehani iliyochukuliwa hivyo ilibaki mali ya muuzaji mpaka fungu la mwisho lilipwe. Wako waliokuwa wamelipa sehemu kubwa ya bei, kisha wakashindwa kidogo tu, kitu kikanyakuliwa na fedha zao zikapotea. Ndipo Ellen Wilkinson, mbunge wa Jarrow kwa chama cha Labour, akapeleka Bungeni muswada uliokuwa sheria mwaka 1938. Kwa sheria hiyo, mnunuzi aliyekwisha lipa theluthi moja ya bei hakuweza kunyang'anywa kitu chake bila amri ya mahakama.

Mambo hayo yako mbali kwa miaka, wala si mbali nasi kwa maana. Leo vijana wetu wengi huchukua pikipiki za mkataba, na wananchi huchukua simu za mkopo ambazo hufungwa kutoka mbali siku malipo yanapochelewa. Hatusemi kwamba biashara hiyo ni mbaya. Wako wengi waliopata riziki kwa njia hiyo ambao wasingaliweza kuipata kwa njia nyingine. Tunalosema ni kwamba hesabu ifanywe kabla ya sahihi. Tuseme simu ina bei ya shilingi 600,000 taslimu, na mnunuzi anaambiwa alipe shilingi 2,500 tu kwa siku, kwa muda wa siku 365. Neno "tu" ni tamu sana; lakini jumla yake ni shilingi 912,500, yaani shilingi 312,500 zaidi, bila kuhesabu arubuni iwapo imetakiwa.

Kiswahili hakikutuacha gizani katika jambo hili. Wazee wetu walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakuita deni jepesi, wala hawakuliweka juu ya nyumba. Waliweka ngoma na kilio katika sentensi moja, ili mkopaji avisikie vyote viwili kwa pamoja.

Kwa hiyo twatoa rai mbili. Kwanza, walimu wanaofundisha Kiingereza wawafunze vijana misemo ya watu pamoja na maana yake na kisa chake, ili wasiihamishe ikiwa mifupa mitupu. Pili, kila mkataba wa kuuza kwa mkopo anaopewa mwananchi wa Afrika Mashariki atumiaye Kiswahili uandikwe kwa Kiswahili kilicho wazi, nao utaje katika mstari wa kwanza bei ya taslimu, jumla ya malipo yote, na yatakayofuata iwapo malipo yatachelewa. Mfanyabiashara mwaminifu hatapungukiwa na kitu kwa kusema kweli. Na mwananchi, kabla hajaishika kalamu, na aulize kwa lugha ya mama yake: Nani atalipa, kiasi gani, na mpaka lini?